Mtoto wa Jaani na Pesa za Shirika

Maneno yenyewe Mwanasiti aliyasikia kisimani, na tangu siku hiyo hayakumtoka: kwamba mama anayepokea pesa za shirika keshamwuza mwanawe.

Nani kayaleta, hakuna aliyejua. Mmoja alisema yametoka Vanga, ng'ambo ya mpaka, ambako mama mmoja alipokea, akaezeka nyumba, na mtoto wake akaonekana mara ya mwisho akipandishwa gari jeupe. Mwingine akasema si gari, ni picha. Ukipigwa picha umempakata mwanao, picha inakwenda Ulaya, na huko ndiko mtoto anakochaguliwa. Mwanasiti alijitwika ndoo yake, akasema, "Upuuzi mtupu," akaondoka kwa maringo. Alipofika nyumbani akatua ndoo, akamtazama binti yake Samira aliyekuwa akichezea vifuu vya nazi mlangoni, akajikuta anamwuliza:

"Kuna mtu kakupiga picha?"

"Nani?" akasema Samira.

"Nakuuliza wewe!"

Basi ikawa ndivyo. Akikuna nazi, maneno yamo. Akitandika mkeka, yamo. Na si kwamba alikuwa mwanamke wa kubabaishwa ovyo. Alikuwa amezika watoto wawili pale kijijini Moa kabla ya huyu Samira, mmoja hajatimiza arobaini, mwingine ameanza kutambaa. Mtu wa namna hiyo ukimwambia upuuzi unaohusu mtoto, haangalii upuuzi. Anamwangalia mtoto.

Na miaka yenyewe ilikuwa ya kumchanganya mtu. Kwanza kulikuwa na vishilingi lakini dukani hamna kitu, watu wanapanga mstari toka alfajiri kwa kipande cha sabuni. Kisha wakubwa serikalini wakafungua milango, maduka yakafurika. Sukari ipo, kanga zipo, mabati yameegemezwa ukutani yanang'aa, na mwenye paa la makuti akabaki kuyatazama kama anayetazama harusi ya watu. Shilingi ilikuwa imeisha nguvu. Muhogo mwaka ule uliozea ardhini kwa maradhi. Idarusi, mumewe Mwanasiti, alikwenda Pongwe kuchoma chokaa, akawa anarudi anapopata nauli, na nauli haikupatikana.

Ndipo shirika lilipokuja. Wakasema hawakuleta unga, wala mafuta, wala nguo za mitumba. Wameleta pesa taslimu, kila mwezi mpaka mavuno, mkononi mwa mama mwenye mtoto mdogo na nyumba isiyo na kitu, na mama ataamua mwenyewe afanyie nini. Sharti ni kwamba mtoto aletwe kupimwa uzito, na awe anaishi na huyo anayepokea. Mwanasiti akachaguliwa. Zuwena wa kule chini karibu na mikoko akachaguliwa, na wengine kadhaa.

Hapo kwenye "ataamua mwenyewe" ndipo watu walipopagawa. Unga wa msaada haukuwa na maswali. Kila mtu alijua ni unga uliokosa mlaji huko ulikotoka. Lakini pesa? Nani anakupa pesa, halafu haulizi umeifanyia nini? Lazima kuna kitu anachukua.

Mwanasiti alikwenda kwa mavyaa wake, Bi Mwanaima, mama yake Idarusi, aliyekaa nyumba ya pili. Alimkuta anasuka ukili wa mkeka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Najua ulichojia. Yamenifikia."

"Nikatae?"

"Ukatae, ule nini? Hilo paa lako masika yakija utalala ndani ya maji." Bi Mwanaima akavuta ukili wake. "Mimi nilisema. Samira alipozaliwa nilisema, wawili wameshakwenda, huyu atupwe jaani. Mwanangu Idarusi akajifanya msomi wa madarasa ya ngumbaru, akasema hayo mambo ya kizamani. Haya, usomi wake uko wapi leo? Uko Pongwe, umejaa vumbi la chokaa."

Kwa wasioijua desturi hiyo: mama aliyefiwa watoto kwa kufuatana, anayezaliwa baadaye huwekwa jaani, kwenye takataka. Jirani anapita, anajifanya kaokota, anatoa visarafu, na mtoto anakuwa wake kwa jina. Anapewa na jina la kutupwa. Mzazi anabaki kumlea kama yaya tu. Kile kinachowafuata watoto wa mama yule kikija, kinakuta huyu si wake, kinapita zake. Na mpaka mtoto ang'oe jino la kwanza, akombolewe kwa kuku mweupe, hakuna ruhusa ya mama kusema "wangu" mbele za watu. Akisema, kinga imevunjika.

"Fikiri," akasema Bi Mwanaima. "Wanamnunua mtoto wako. Kama huna mtoto, watanunua nini?"

Mwanasiti akaona limekaa sawa. Ndivyo woga unavyofanya kazi. Ukishamshika mtu, kila kitu kinakaa sawa.

"Lakini mama, ana miaka minne. Huyu anatupwa na maneno yake?"

"Atatupwa akae kimya."

Mwokotaji akapatikana: Bi Kazija, Mpemba aliyeolewa Moa tangu usichana, mjane, nyumba zao zinatazamana. Watoto wake walikwisha kuoa na kuolewa, kwa hiyo shirika halikumtazama, ingawa paa lake lilikuwa na matundu kuliko la Mwanasiti. Alikuwa mcheshi, mdomo haufungi. Alipoambiwa alicheka mpaka akashika kiuno.

Ijumaa asubuhi wakamkalisha Samira kwenye jaa nyuma ya jiko, katikati ya majivu na makumbi ya nazi.

"Mama, mfupa wa samaki unanichoma."

"Nyamaza. Umetupwa."

"Nimefanya nini?"

Bi Kazija akatokea kwa mwendo wa madaha, kajitanda kanga mpya. "Lo! Waja wa Mungu! Nani kamwaga mtoto mzima hapa? Na macho yake yote mawili!" Akamwinua, akamkung'uta majivu. "Hana mwenyewe huyu?"

"Hana," akajibu Bi Mwanaima.

"Hana?" Bi Kazija akamgeukia Mwanasiti.

Mwanasiti akajibu: "Hana."

"Basi wangu. Nimemwokota jaani, jina lake Mwajaa." Akatia sarafu kiganjani mwa Mwanasiti. "Nilelee mwanangu, shoga. Na umlishe, nisimkute kakonda nikakudai."

Wakacheka wote, hata Samira. Siku hiyo Mwanasiti alikula akashiba, na usingizi ukamjia vizuri.

Kupimwa kulifanyika barazani kwa shule. Mwakilishi wa shirika alikuwa Bi Saleha, mwanamke wa Ngamiani kule mjini, kijana, mwenye adabu na haraka. Alimwamkia kila mzee, akamning'iniza kila mtoto kwenye mzani. Zuwena alimtaja wake, akapokea, akazifunga pembeni mwa kanga, akaondoka bila kutazama nyuma. Watu wakamsonya. Wengine walihesabu hatua zake, wakingoja mtoto ayeyuke.

Ikafika zamu ya Samira.

"Mama wa mtoto huyu?" akauliza Bi Saleha.

Mwanasiti alikuwa amesimama hapo hapo, mkono wa mtoto umo mkononi mwake. Akafumbua kinywa. Nyuma yake Bi Mwanaima akamfinya mbavu.

"Mama yake nani?" Bi Saleha akarudia.

Watoto wa jirani, ambao hakuna siri inayowapita, wakapiga kelele: "Wa Bi Kazija! Mwajaa wa Bi Kazija!"

"Samahani," akasema Bi Saleha, "mimi niliandikiwa mama ni Mwanasiti. Ndiye wewe? Mtoto huyu ni wako?"

Jibu lilikuwa neno moja. Mtu mzima, mwenye akili zake, mtoto aliyetoka tumboni mwake, na swali rahisi kuliko bei ya chumvi! Mwanasiti akatazama chini. Akawaona wale wawili makaburini. Akanyamaza.

Bi Kazija akasogea, kanga yake ile ile. "Ni wangu mie. Kila mtu anajua."

"Kweli jamani?" Bi Saleha akawauliza watu.

"Kweli," wakasema, maana kwa desturi ndivyo ilivyokuwa, na nani angethubutu kumvunjia mwenzake kinga?

Pesa zikaingia mkononi mwa Bi Kazija. "Nitapita majumbani kuona watoto wanavyoishi," Bi Saleha akamwambia. "Nitakukuta naye?"

"Utatukuta."

Njiani kurudi walicheka tena, ila kicheko cha Mwanasiti kilikuwa cha meno tu. Bi Mwanaima alisema imekuwa bora zaidi: pesa imepita mkono mwingine, balaa lote limebaki kwa Kazija, ambaye hana mdogo wa kuchukuliwa. Kufika kwenye njia panda, Mwanasiti akanyoosha kiganja.

"Haya shoga, nipe."

"Nikupe nini?"

"Pesa za mtoto."

"Mtoto nani?" Bi Kazija alisema kwa mzaha, kisha mzaha ukamwisha usoni taratibu. "Sikiliza, Mwanasiti. Yule binti kasema atakuja kwangu. Akija akakuta mtoto hayupo, na pesa sinayo, nitafungwa mie. Hizi nitamtumia mtoto mwenyewe. Sidhulumu mtu, wallahi."

Na hakudhulumu, hilo ndilo lililokuwa linakera. Alimnunulia mtoto gauni na ndara. Akanunua chandarua kipya, kitu ambacho nyumba nyingi pale Moa zilikuwa zikikisikia tu. Akamhamishia mtoto kwake, "mpaka huyo binti apite." Yule binti wa shirika alipita, akaridhika, mtoto hakurudishwa. "Akirudi ghafla je?" akasema Bi Kazija. Mwezi wa pili Bi Kazija aliezeka paa upya na kununua kuku wa mayai. Asubuhi Samira alikuwa akinywa uji wa maziwa ng'ambo ya uwanja, na mama yake anamtazama, ufagio umo mkononi.

"Samira! Njoo tule."

"Mmepika nini?"

"Muhogo."

"Huku kuna wali, mama," mtoto akasema, bila ubaya wowote. Kisha akageuka ndani: "Mama, nipe kijiko!"

Mwanasiti akabaki na ufagio wake. Huyo "mama" wa pili aliyeitwa hakuwa yeye.

Alikwenda kwa mavyaa wake akiwa amewaka. "Mama, mtoto ananipotea!"

"Hakupotea, namwona hapo."

"Anamwita Kazija mama!"

"Si ndiyo dawa yenyewe? Inafanya kazi." Bi Mwanaima hakuinua macho kwenye ukili. "Wewe ulitaka nini? Kinga, au kuitwa mama?"

"Vyote!"

"Basi wewe ndiye mwenye tamaa."

Wakati huo huo kule chini Zuwena alikuwa ameshanunua mbuzi wawili, amelipia sare za wanawe wakubwa waliokuwa wamekaa nyumbani, na yule mdogo wake aliyesubiriwa ayeyuke alikuwa amenenepa, anarushia watu michanga njiani. Mwanasiti alimwuliza, kwa sauti ya chini, kama haogopi.

"Niliogopa," akasema Zuwena. "Lakini mtoto alikuwa analia njaa, na njaa niliiona kwa macho. Hilo gari jeupe sikuliona." Akamtazama. "Na wewe mwenzangu, si umemtoa mwenyewe hata kabla hawajaomba?"

Neno hilo lilimkaa vibaya kuliko lile la kisimani.

Kisha Idarusi akaja. Alipata nauli ya kufika, na vumbi jeupe la chokaa bado limo kwenye nyusi. Akatua mzigo wake, akatazama huku na huku.

"Niliacha mke na mtoto. Mke namwona. Mtoto yu wapi?"

"Yuko kwa mama yake," akasema Mwanasiti, kisha akajiziba mdomo.

"Mama yake si wewe?"

"Usiseme kwa sauti!"

Idarusi akakaa kwenye kizingiti. Akaelezwa: kisima, picha, jaa, sarafu, mzani, wali. Alisikiliza yote. Alipomaliza kusikiliza akavua kofia, akaikung'uta, akaivaa tena.

"Niambie kama nimeelewa. Uliogopa kwamba ukipokea pesa utakuwa umemwuza mtoto."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ukamwuza kwanza."

"Hakuuzwa! Ameokotwa."

"Kwa sarafu."

"Ni desturi, Idarusi!"

"Na pesa hukupata."

Mwanasiti akaanza kulia kwa hasira, si hasira ya mtu mmoja, hasira ya wote: ya waliosema kisimani, ya mavyaa, ya Kazija na chandarua chake, ya mume anayejua kuuliza vizuri baada ya mambo kuharibika. "Ungekuwapo!" akasema. "Ulikuwa wapi wewe? Wawili niliwazika wewe ukiwa hupo, na huyu nimlinde mimi, nimlishe mimi, nijue mimi upuuzi ni upi na kweli ni ipi?"

Idarusi aliuingiza mzigo wake ndani. Baadaye alitoka akavuka uwanja, akasimama mlangoni kwa Bi Kazija, akarudi peke yake. "Amesema mpaka ang'oe jino," akasema. "Amesema ndivyo mlivyoagana. Nami nimeona paa lake, Mwanasiti. Pesa zikiwa bado zinakuja, hamwachii."

Mwezi wa tatu wakakusanyika tena barazani kwa shule. Samira alikuja amevaa ndara zake, mkono wake umo mkononi mwa Bi Kazija. Mwanasiti alisimama pembeni, kama mtu aliyekuja kutazama tu. Watoto wakaning'inizwa mmoja mmoja. Bi Saleha akafika kwa Samira, akatabasamu.

"Huyu amezidi uzito kuliko wote. Hongera, Bi Kazija. Mtoto wako anapendeza."

"Wangu."

Ilikuwa sauti ya Mwanasiti. Bi Mwanaima akamshika kanga: "We, unataka kuua?" Mwanasiti akaiachia kanga mikononi mwa mavyaa wake, akasogea mbele kichwa wazi, mbele za wanaume, mbele ya kila mtu. Alijua anachokivunja. Kama yaliyosemwa ni kweli, basi alikuwa anamzika wa tatu kwa mdomo wake mwenyewe. Lakini mtoto aliyehifadhiwa mpaka hamjui mamaye, huyo tayari ameshakwenda.

"Nimemzaa mimi. Anaitwa Samira. Ni wangu."

Samira akawatazama wote wawili.

"Mwanasiti," Bi Kazija akasema polepole, "mie sikukuomba. Wewe uliniletea."

"Najua. Nirudishie."

"Na paa langu lile nilimwezekea nani? Nalala peke yangu mie, miaka yote. Mwenye mtoto mdogo ndiye mwenye shida, sisi wengine tunakula upepo?" Macho yalimjaa maji, na ilikuwa mara ya kwanza watu wa pale kumwona Bi Kazija akikosa cha kuchekesha.

Bi Saleha akashika kichwa. "Jamani, nyinyi! Mwezi wa kwanza nilikuuliza wewe, mbele ya watu hawa hawa, ukanyamaza. Ukaja mwezi wa pili, ukanyamaza. Leo wako. Kesho atakuwa wa nani? Mimi nina wakubwa wangu. Pesa za mtoto huyu zinasimama. Kwenu wote wawili."

"Zisimame," akasema Mwanasiti, akamnyanyua mwanawe.

"Ndara zangu!" akapiga kelele Samira, maana moja ilikuwa imeanguka.

Siku zile zilizofuata alimpapasa mtoto kipaji kila saa. Alimwamsha usingizini kumwuliza kama anaumwa, mpaka mtoto akaomba, "Mama, niache nilale." Kuku mweupe alitafutwa, akapelekwa kwa Bi Kazija pamoja na sarafu zake. Bi Kazija akampokea kuku, asijibu salamu.

Homa haikuja. Yalikuja masika. Makuti yakavuja kila mahali, wakawa wanahamisha mkeka kutoka kona hadi kona, na Idarusi, aliyekuwa amekosa nauli ya kurudi Pongwe, akikinga maji kwa sufuria. Mbu wakaja makundi. Ng'ambo ya uwanja paa jipya lilikuwa halivuji tone.

Asubuhi moja kulisikika kishindo barazani. Mwanasiti alitoka, akakuta chandarua kimeviringishwa na kufungwa kamba, na Bi Kazija ameshampa mgongo, anakatiza uwanja kwenye matope.

"Shoga!" akaita.

"Si chako!" Bi Kazija akajibu bila kugeuka. "Cha Mwajaa. Asiumwe na mbu mwanangu."

Mwanasiti alikifungua, akakitundika juu ya mkeka wa mtoto, pale pasipovuja sana. Kisha akawasha jiko, akakoroga uji, akamtuma Samira ampelekee Bi Kazija bakuli. Yeye mwenyewe alisimama mlangoni akimtazama mtoto anavyovuka, mpaka alipofika, na mpaka aliporudi.

Kwa hiyo, wewe mwenye mtoto mdogo, wakija kwako na pesa, jiepushe na haya:

Kusikia neno kisimani na kulifikisha nyumbani hujamwuliza aliyelisema kaliona wapi.

Kumficha mtoto kwa jina la mtu mwingine, hata kama mtu huyo ni rafiki, hata kama mnacheka.

Kunyamaza unapoulizwa mbele za watu.

Kupokelewa pesa zako na mkono usio wako.

Kumwachia mavyaa akuamulie, halafu umlaumu.

Kumsahau jirani ambaye hakuchaguliwa. Naye paa lake linavuja.

Kumwachia mama peke yake woga wote wa nyumba. Hili ni la akina baba.

Na kumpa mtoto wali kwa jirani kila siku ukidhani atakumbuka muhogo wako. Hakumbuki.